Haya Iliyonivuta Mtaa Mzima

Mashoga zangu, naona haya kulisimulia hili, na hiyo haya yenyewe ndiyo iliyonivunjia heshima, mtaona. Ilikuwa ile siku Bi Shekha, mama wa kijana aliyemtaka Rayya wangu, alipokuja na dada zake kututazama kabla wanaume hawajaleta posa, na mimi nyumbani nna mbwa.

Tena si mbwa wa kufichika. Rayya ni daktari wa wanyama, na bwana mmoja mgeni aliyehama Muscat ndiye aliyemwachia Barafu, mbwa wa Kiinuiti wa huko Kanada, ambao duniani wamebaki wachache, kazi yao kuvuta mizigo juu ya theluji. Mwanzo nilinuna sana (mate yake najisi, na manyoya yanatoka kwa mafungu mpaka kwenye biriani), lakini wallahi yule mnyama ana adabu zake. Habweki ovyo, hulia wimbo mrefu kama anayemkumbuka mtu kwao. Rayya amemtilia kiyoyozi chumba cha nje, humchana kila siku wala hamnyoi, maana manyoya yale yale yanayomkinga na baridi humkinga na jua pia, na baada ya alfajiri, lami haijapata moto, humvisha mikanda ya kifuani akavuta tairi bovu mtaani. Bila ya kuvuta kitu hana raha, anakutazama kama umemdhulumu.

Asubuhi ile Rayya akanambia, "Mama, usimfiche. Wakimkataa huyu wamenikataa mimi."

Nikamwambia haya, mwanangu. Alipotoka tu kwenda kazini nikaanza kutafuta pa kumficha.

Jirani yangu wa mwisho wa mtaa, hapa hapa Madinat Sultan Qaboos, ana ua mkubwa, ila goti langu mnalijua. Basi nikaona (akili hizo jamani) nitoe kile kiti cha magurudumu cha marehemu mama, nimfunge Barafu mbele na mikanda yake, nikae, anivute kidogo kidogo kama bibi harusi. Nikavaa abaya mpya kabisa ili nikirudi niwe tayari kwa wageni, nikakaa vizuri, nikasema, "Haya, baba, taratibu."

Nani alijua kwamba neno alilofundishwa na Rayya la kuondokea ni "haya"? Mimi saa zao hizo za kuvuta tairi niko kwenye msala. Mbwa akachomoka, namwambia "haya, haya, basi," ndiyo kwanza anazidi, nakazana "haya baba, yatosha, haya," ndiyo miguu haionekani, na mimi nimekishika kiti kwa mikono miwili, mtandio umebaki kwenye mti wa watu, na mbele naiona gari inakuja polepole, inatafuta nyumba, Bi Shekha kateremsha kioo.

"Asalaam alaykum, mamake Rayya. Wenda wapi?"

"Waalaykum salaam, karibuni, nnarudi sasa hivi," nikamjibu, huku nampita.

Kwenye tuta kiti kikaruka, nikawa chini na kiatu kimoja. Barafu akasimama mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Akarudi anaburura kile kiti, akanilamba uso mzima, akajilaza ubavuni mwangu, haondoki.

Bi Shekha akashuka. "Mbwa huyu wa nani?"

Jibu nilikuwa nalo: wa jirani. Ningelisema hilo tu, posa ingesalimika. Lakini nikamtazama yule mnyama anavyohema, ulimi nje, na hajaniacha, nikamkumbuka na mwanangu asubuhi ile. "Wetu," nikasema. "Wa Rayya. Nilikuwa nakwenda kumficha msimwone."

Akamtazama mbwa, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Kakuvuta mtaa mzima, na umeanguka karudi. Mwanangu mie, nikimpigia simu hapokei." Akanipa mkono, akaninyanyua.

Nikajitoharisha yale mate mara saba, moja yake kwa mchanga (uso wangu huu huu), Rayya akafika, halwa na kahawa zikapita. Mwisho Bi Shekha akauliza mbele ya wote, "Basi, tuwaambie wanaume waje?"

Nikafungua mdomo, "Ha..." na huko nje mikanda ikalia, Barafu keshasimama tayari. Rayya akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Naam," nikasema aliponiachia. Tokea siku hiyo kwangu ni naam tu. Haya sina tena.