Kibuyu cha Maji ya Eyasi

Saa saba na dakika kumi mchana, kwa saa ya mkononi ya shangazi, tulianza kushuka genge la Ziwa Eyasi kwenda kuchota magadi, chumvi ya kulambisha ng'ombe. Juma moja kabla nilikuwa nimeiona picha ya genge hilo kwenye ukuta wa hoteli moja pale Karatu, nikaitazama hadi chai yangu ikapoa.

Kisima chetu kilikuwa kimekauka. Mama alikuwa mjamzito, na nilimwahidi maji mazuri ya kunywa. Katikati ya genge tulikuta maporomoko membamba ya maji, yakinukia majani mabichi. Tukanywa.

"Jaza kibuyu chako hapa hapa," shangazi alisema.

Nilikataa. Niliyaona maji yale yakiteremka kuelekea ziwani, nikapiga hesabu kwamba utamu wote umekusanyika huko. Shangazi alipoinamia gunia lake la magadi, nilijaza kibuyu ufukweni, katikati ya uvundo wa matope na makelele ya ndege waitwao heroe.

Nyumbani mama alipiga funda moja, akakishusha kibuyu. Shangazi alichovya kidole, akaonja, akaangua kicheko. "Wewe mtoto! Umemletea mama yako maji ya kulambisha ng'ombe?"

"Wifi, mwache," mama alisema. Akapiga funda la pili. "Matamu, mwanangu. Ahsante."

Nilimwamini. Nilikuwa mtu mzima nilipoyaonja maji ya ziwa lile mwenyewe, nikayatema. Mama alikuwa amekwishafariki, na sikupata kumwuliza lile funda la pili alilimezaje.