Rangi Zilizobaki Palepale

Nakumbuka Ijumaa moja pale mjini Rumonge, kando ya ziwa, mwanangu, na kilichonikumbusha ni hiyo grafiki uliyonionyesha jana kwa fahari. Mstari wa dawa ya maji ya bomba, na nyuma yake rangi tatu: kijani, njano, nyekundu. Nilikuuliza rangi hizo zimeshikwa na nini. Ukanijibu, "Nimechora mistatili tu, mama mukubwa, nikaisukuma nyuma." Sikutaka kukusahihisha mbele ya wageni. Leo wageni wameondoka.

Ilikuwa wakati wa vita. Mimi nilikuwa msichana niliyekatishwa masomo Bujumbura, nikapata kazi Rumonge katika ofisi ndogo iliyopeleka maji kwenye kambi za watu waliokimbia vijiji vyao. Tulikuwa na lori moja la tangi. Lori hilo halikutoka mjini bila wanajeshi wa kulisindikiza, na wanajeshi walipatikana Ijumaa na Jumanne tu. Dereva wetu, Baba Yusufu, alikuwa na watoto saba na hakupenda kufa, na sikuwahi kumlaumu kwa hilo. Kwa hiyo kila safari ilibidi iwe na sababu ya kutosha.

Mama yako, mdogo wangu Hadija, alikuwa kambini Kizuka na wewe mgongoni. Nyumba yao ilichomwa, na baba yako alikuwa ng'ambo ya ziwa akitafuta namna ya kuwavusha. Nilimwomba mama yako aje akae nami mjini akakataa, akisema hawezi kumwacha mama mkwe wake peke yake. Ukaidi wake unaujua. Basi kila namba ya Kizuka iliyoingia ofisini niliisoma mara mbili.

Namba zenyewe zilikuwa za wagonjwa wa kipindupindu. Kila wiki wauguzi walituletea hesabu ya kila kambi, mimi nikaiingiza kwenye lahajedwali. Mkuu wetu, Shefu Leonidasi, ndiye aliyetengeneza grafiki. Alikuja na kompyuta ya ofisi kutoka Bujumbura kupitia njia ya Muhuta, ameifunga blanketi na kuipakata njia nzima, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa mambo ya kuchora. Nami nilikuwa nimesoma kama yeye, lakini wa kumwambia hayo alikuwa nani? Akachora mistatili mitatu nyuma ya mistari, kama wewe. Chini ya kumi, kijani: hali ni ya kawaida. Kumi mpaka ishirini, njano: peleka vidonge vya kutibu maji. Zaidi ya ishirini, nyekundu: lori litoke. Kipimo cha pembeni kiliishia thelathini, kila rangi ikapata theluthi yake, na karatasi ikabandikwa ukutani. Ilipendeza, siwezi kukataa. Wageni walikuwa wakiipiga picha.

Ijumaa hiyo kambi ya Kigwena ilileta namba ya kutisha: hamsini na tano. Kizuka ilileta ishirini na nne, na wiki iliyotangulia ilikuwa tisa. Niliziingiza zote mbili, Shefu akachapisha karatasi, akaitazama, akachukua kofia yake.

"Lori linaenda Kigwena," akasema.

"Na Kizuka, Shefu? Wako ishirini na nne."

"Kizuka iko mu njano. Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Kweli, nukta ya Kizuka ilikuwa ndani ya njano, imetulia, haina habari. Nikamwambia, "Shefu, ishirini na nne inapita ishirini. Ni nyekundu."

"Zuena, tuliweka rangi ili tusibishane. Rangi inasema njano."

"Lakini namba inasema..."

"Non! Sitaomba wanajeshi wapite njia mbili juu ya njano tu. Vidonge watapata."

Mwanangu, nilitamani kulia kwa hasira. Mtu mzima, amesoma, anaambiwa namba kwa mdomo, anaelekeza kidole kwenye rangi! Na rangi hiyo aliipaka yeye mwenyewe, kwa mkono wake, lakini sasa alikuwa anaiheshimu kuliko hesabu iliyoizaa. Nikachukua rula mezani, nikailaza juu ya karatasi kutoka kwenye ishirini ya pembeni. Rula ikapita mwanzoni mwa njano, mbali kabisa na nyekundu. Ndipo nilipoelewa, nikamweleza. Kompyuta ilipoipata ile hamsini na tano ya Kigwena, ilikinyoosha kipimo yenyewe kutoka thelathini mpaka sitini ili nukta itoshee. Mistari yote ikashuka kufuata kipimo kipya. Mistatili, kwa kuwa haikufungwa na namba yoyote, ikabaki palepale. Nyekundu, iliyokuwa inaanzia ishirini, sasa ilikuwa inaanzia arobaini. Balaa la Kigwena lilikuwa limeifunika shida ya Kizuka.

Shefu akairudisha rula mezani. Halafu akasema kwamba kompyuta ndiyo iliyokosea.

Nikatoka mbio mpaka njia panda nimzuie Baba Yusufu. Lori lilikuwa limeshaondoka na wanajeshi wake, vumbi tu ndilo lililobaki, na wauza samaki wa mukeke walikuwa wamerudi kuketi walipokuwa. Nikasimama pale nikimtukana Shefu kwa Kirundi na kwa Kifaransa, maana Kiswahili nilikuwa nimeshakimaliza.

Kutoka Ijumaa mpaka Jumanne si siku nyingi kwa mtu mwenye bomba. Vidonge vilivyokwenda Kizuka havikutosha hata nusu ya mahema. Jumanne Baba Yusufu alinipakia kwenye lori, nikaenda mwenyewe. Mama yako alinipokea bila salamu. Alikuwa ameshika kikombe na kijiko, anakudondoshea maji ya chumvi na sukari mdomoni, nawe macho yamezama na hata kulia huwezi. Bibi yako, yule mama mkwe ambaye mama yako alikataa kumwacha, tulikuwa tumechelewa kwake. Alizikwa Jumapili.

Njiani kurudi nilimweleza Baba Yusufu habari ya rangi. Hakuniuliza mambo ya kompyuta. Alisema tu, "Mimi kila safari natoka juu ya ile karatasi yenu. Mukisema nyekundu naaga bibi na watoto. Sasa munaniambia rangi zilikuwa zinaelea tu?" Maneno hayo nilimfikishia Shefu kama yalivyo. Tangu siku hiyo aliniachia kompyuta.

Basi sikiliza, maana nimechoka kuona kosa lilelile likizaliwa upya kila mnaponunua mashine mpya. Rangi ya nyuma iwe namba kama namba nyingine. Ndani ya jedwali lako ongeza safu tatu: moja ya kimo cha kijani, moja ya kimo cha njano, moja ya nyekundu iliyobaki. Zichore zikiwa zimerundikana, moja juu ya nyingine, nguzo pana zisizoacha nafasi kati yake. Kisha mstari wako upite mbele yake, kwenye kipimo kilekile kimoja. Hapo kipimo kikinyooka, rangi zinanyooka nacho. Mpaka wa rangi ukibadilika, unabadilisha namba moja na kila mtu anaiona ilipoandikwa. Na rangi ziwe hafifu, tafadhali, mstari usizame. Andika pia jina la kila rangi kwa maneno, kwa sababu ofisi zenu bado zina mashine za kuchapa nyeusi na nyeupe, na humo kijani na nyekundu hutoka kijivu kimoja.

Na usiniambie kuwa grafiki yako ni ya bomba tu, kwamba vita vimekwisha. Kuna mtu atakayeitazama rangi yako na kuamua, na kuna mtu mwingine atakayekunywa uamuzi huo. Huyo wa pili hataiona karatasi yako hata siku moja.

Wiki iliyofuata safari ile ya Kizuka niliingiza namba yake mwenyewe: thelathini na nane. Nilichora rangi upya kwa namna hiyo niliyokueleza, na nukta ikakaa kwenye nyekundu, mahali pake. Niliitazama sana nukta hiyo, mwanangu. Ulikuwa ndani yake.

Mungu akuzidishie miaka aliyokurudishia kwa kijiko, akupe kazi isiyomdhuru mtu, na watoto watakaokunywa maji bila kuuliza yametoka wapi. Amina. Sasa lete hiyo kompyuta hapa, ufute mistatili yako nikiona.