Ng'ombe wa Shangazi Mwamini

Naikumbuka hata leo, mwanangu, asubuhi ile Shangazi Mwamini alipomfungua Gaju na kumtoa nyumbani. Umeniuliza kile kiwanja chako cha Kinama ukijengee zizi au ukilime. Kaa basi, nitakujibu kwa njia ndefu, maana ya mkato siijui.

Gaju alikuwa ng'ombe wa zawadi. Shangazi alipewa siku ya harusi yake, na alipofiwa na mumewe, Gaju ndiye aliyebaki kuwa fahari yake. Alimwimbia akimkamua, jambo ambalo sisi watoto wa kaka yake, tuliokaa kwake, hatukufanyiwa hata mara moja. Nusu ya shamba lake, huko nje ya Kinama, ilikuwa majani ya Gaju. Nusu ya pili ilitulisha sisi, nayo ilitosha mpaka vita vilipowaleta jamaa za marehemu mumewe kutoka milima ya mbali. Kati yao, Felista na watoto wake waliingia mwisho. Sufuria ya maharagwe ikawa inakwisha kabla wakubwa hawajanawa mikono.

Wakubwa wakakaa kikao. Baba yangu akataka Gaju auzwe kwa mchinjaji. Shangazi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nyama tutakula juma moja, kisha?" akasema. "Lakini na mi siwezi kushibisha ngombe, batoto banalala njaa. Ile shamba ni ya batu kwanza."

Kulipokucha akampandisha Gaju mlimani kwa Mzee Nestori, mtu mwenye majani tele na asiye na ng'ombe, akamgabia, yaani akampa amfuge. Mila yetu unaijua: aliyegabiwa ng'ombe anakuwa ndugu, na siku moja hurudisha ndama. Shangazi akaongeza ombi lake, kwamba samadi iwe inashuka kwetu. Akarudi na kamba tupu, macho mekundu, akashika jembe. Tuling'oa majani, tukapanda maharagwe na mahindi. Samadi ya Gaju ikaja kwa vikapu, na mavuno yale sijaona mengine mfano wake. Tulishiba wote, wenyeji na wageni. Namsifu mama yule mpaka leo, wala sichoki.

Ndama aliletwa na Mzee Nestori wakati vita vimekwisha na Felista anafunga mizigo kurudi kwao. Mimi nilikwisha kumchagulia jina. Shangazi akaichukua kamba, akamkabidhi Felista.

"Shangazi, huyu ni wetu," nikasema.

"Atakula nini hapa, we? Maharagi yako?" akanijibu. "Kwa Felista kuko majani."

Nikanuna siku nzima. Miaka ikapita, nikaoa. Mgeni wa kwanza kufika harusini alikuwa Felista, na chombo cha maziwa kichwani. Yalikuwa maziwa ya ndama yule, sasa ng'ombe mzima mwenye watoto wake. Shangazi alikunywa wa kwanza, akalia mbele za watu bila haya.

Basi kiwanja chako kilime, mwanangu, kwa sababu nyumba yako imejaa na ardhi ni ndogo. Ng'ombe umtafutie mtu mwenye majani, mpatane kuhusu samadi na maziwa, na umfanye ndugu kweli. Usimdharau mfugaji, wala usimwache mtoto alale njaa ili zizi lako lisifiwe. Mungu akujalie shamba lisilokunyima, na moyo wa kuikabidhi kamba kama alivyofanya Shangazi. Na siku ya furaha yako, mlango wako ubishwe na mtu aliyebeba maziwa.