Hodi ya Seli

Wewe ungebisha hodi kwenye mlango wa seli ambayo funguo zake unazo mwenyewe? Askari mmoja wa kike, kwenye kituo kidogo cha polisi huku kwetu Kwale karibu na mpaka, hubisha. Kucha zake zina hina, na sauti yake ni ya kuamsha harusi. Hugonga chuma kwa funguo, "Hodi wenyewe!", kisha husubiri na sinia lake la mahamri. Vijana wa Kihabeshi waliokamatwa wakivuka mpaka walimshangaa siku ya kwanza tu, sasa huitikia "Karibuu!" kwa vicheko. Juzi mkuu wa kituo alitaka kuwarudisha ng'ambo ya mpaka bila hakimu kuwasikiliza. Mimi, wakili wao wa kujitolea, nilianza kufoka kuhusu sheria. Yule askari wa mahamri alizikumbatia funguo kifuani.

"Afande, hawa wana haki ya kusikilizwa. Hakimu kwanza."

"Mama wewe, fungua mlango!"

"Na hodi hujapiga, afande."

Askari wenzake wakaangua kicheko, na mkuu naye kikamponyoka. Asubuhi yake mkuu alikuja mwenyewe kuwapeleka mahakamani. Alisimama mlangoni, akakohoa, akatazama huku na huku, akasema, "Hodi."

Seli nzima ikanguruma: "Karibuu!"