Tikiti ya Watalii Watano

Watu wakisimulia safari yao ya kwanza mbugani huanza na simba. Mimi huanza na kofia. Ilikuwa kofia pana ya kitambaa, ya rangi ya mchanga, yenye kamba ya kidevuni. Mtalii mmoja aliisahau garini, na baba yangu, nahodha mzima wa kisiwa cha Ngumi, akaambiwa aivae. Akaivaa juu ya kofia yake ya viua, iliyodariziwa kwa mkono. Hakuwa tayari kuivua ile ya viua kwa ajili ya serikali yoyote.

Tulikuwa watano: bibi mzaa baba, baba, mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wangu wa kike. Vita vilitutoa Ngumi, visiwani kusini ya Kismayu, na kile tulichoweza kubeba, tukaishia kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa. Baada ya miaka miwili ya foleni, baba akaitwa Nairobi kuhojiwa. Akifaulu, sote watano tungepelekwa ng'ambo. Asipofika siku ile, faili letu lingefungwa. Tatizo ni kwamba kibali cha kutoka kambini kilikuwa hakijatoka, na barabara kuu ilijaa vizuizi vya polisi. Yaani tuliitwa, na tulikatazwa kwenda. Sijui nani aliyelitunga jambo hilo, lakini alikuwa na akili nyingi kupita kiasi.

Aliyetuokoa ni mume wa binamu yake mama, dereva wa gari la watalii. Gari lake lilikuwa linarudi Nairobi tupu kwa njia ya mbuga mbili, Tsavo kisha Amboseli.

"Mtalii haulizwi kibali," alisema. "Anaulizwa kama ameona simba. Nyinyi kazi yenu ni moja tu, nahodha. Furahini."

Kufurahi kulitushinda. Mama alipewa darubini akaishika kinyume, akasema wanyama wa nchi hii wako mbali mno. Bibi alikaa mbele na furushi la papa mkavu mapajani, harufu imejaa gari zima, akitazama nyika kama mtu aliyeuziwa samaki aliyelala. Kule kwetu mnyama mkubwa tuliyemjua alikuwa mbuzi wa jirani, na hata huyo alitupa tabu. Ndovu wa kwanza alipokatiza njia, dereva akazima injini na kutugeukia akitabasamu, akisubiri tushangae.

"Hoyo ana mwenyewe?" bibi akauliza.

"Hana, bibi. Ni mali ya serikali."

"Basi serikali imekosa hata mchu mmoja wa kumfunga?"

Langoni Tsavo, dereva alilipa na askari wa mbuga akaandika tikiti kwa mkono: majina yetu yote matano, na mbele yake neno moja, "watalii". Akagonga muhuri. Baba akaomba tikiti ile aishike yeye. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa kifuani, akaupigapiga mfuko.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo msiba wetu ulipoanzia. Baba alikuwa mtu wa bandari. Maisha yake yote alibeba mizigo kati ya Kismayu na Mombasa, na kila bandari alipewa karatasi yenye muhuri, akaenda kuitoa bandari inayofuata. Bila karatasi ya ulikotoka hushushi hata gunia. Karatasi zake zote za zamani ziliibwa pamoja na sanduku, wanamgambo walipopora nyumba yetu. Miaka miwili alikuwa hana muhuri hata mmoja wa kuonyesha. Sasa alikuwa nao.

Na kwa kweli ulifanya kazi. Tulipotoka Amboseli na kuikaribia barabara ya Nairobi, polisi alitusimamisha. Mama alianza kusoma aya kimoyomoyo. Baba akatoa tikiti. Polisi akaisoma, akaingiza kichwa, harufu ya papa ikamrudisha nje.

"Mmeona simba?"

"Tumewaona," bibi akajibu. "Wamelala tu, kama wanaume wa Kismayu wakisha kula."

Polisi akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Akatupungia mkono tupite. Baba akanigeukia, uso umemng'aa chini ya kofia mbili, akasema, "Umeona? Muhuri ni muhuri."

Kesho yake tuliketi sote ofisini mbele ya mwanamke mmoja mpole na mkalimani wake. Aliuliza kuhusu kisiwa, kuhusu vita, kuhusu sanduku lililoibwa. Baba alijibu vizuri sana. Nilimwangalia nikajivunia. Mwishoni mwanamke akauliza kama kuna karatasi yoyote ya kuthibitisha sisi ni nani.

Baba akatia mkono mfuko wa kifuani.

Mama alimwona. Alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini nahodha akisha kufika bandarini hutoa karatasi ya alikotoka, mguu haukumzuia. Aliilaza tikiti mezani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, akaisogeza mbele kwa heshima. Majina matano na muhuri.

Yule mwanamke aliisoma kwa muda mrefu. Kisha akaandika kitu kwenye faili, akamrudishia, akauliza, kwa upole uleule, kama safari ilikuwa nzuri.

Mgeni hausemi vibaya mji wa watu. Tulifunzwa hivyo tangu utotoni, nchi uliyofikia uisifu. "Nzuri sana, alhamdulillahi," baba akasema. "Tumeona ndovu."

Mkalimani alitafsiri akiwa ameinamisha kichwa.

Jibu lilikuja kambini baada ya miezi: familia yenye uwezo wa kutembea mbugani haionekani kuwa na dharura. Bibi alizikwa kule kule kambini. Mimi nilimkasirikia baba miaka mingi, nasema kweli, hasira ya kutomtazama usoni wakati wa kula. Alidanganya njia nzima akapita kila lango. Aliposema kweli, tukafungiwa.

Sasa ni mzee, anaishi nami hapa Mombasa, na mambo mengi yamemtoka kichwani. Juzi nilimkuta amekaa kitandani amevaa kanzu, viatu miguuni, anapapasa kifua.

"Mwanangu, ile karatasi yetu iko?"

Nikamwambia iko. Ninayo kweli, ndani ya msahafu.

"Itunze," akasema. "Huko mbele wataitaka."