Siku Mama Alipomuuma Tafi

Mama yangu alifikisha miaka sabini na moja bila kuonja samaki. Kwetu Ruring'u, bara mbali na bahari, hilo halimshangazi mtu. Wazee wengi wa rika lake walikua wakiambiwa samaki ni jamaa ya nyoka, na hawakuona haja ya kuchunguza zaidi. Nilipoanza kuvua samaki aina ya trauti katika Mto Chania, nikifundishwa na jirani yetu, polisi mmoja aliyetoka magharibi mwa nchi, Mama aliweka sheria moja tu: samaki asiingie jikoni kwake. Nikawa nakaanga nyuma ya nyumba, naye akawa anafunga dirisha la upande huo.

Kwa hivyo sikutarajia aliponiambia tutaenda pamoja Mombasa. Nilikuwa na mkutano wa walimu huko, na nilikuwa nimeomba siku mbili za ziada ili nivue baharini, jambo ambalo sikuwa nimelifanya maishani.

"Nataka kuona hiyo maji ati haina ng'ambo," alisema. Akafungasha sweta mbili, Biblia, na chapati kumi na mbili.

Mkutano ulipokwisha, asubuhi tulikwenda kwenye bustani ya umma iliyo ufukweni. Pana nyasi, pana viti vya saruji, na chini ya ukuta wa kuzuia mawimbi pana mawe ambapo watu hushuka kutupa mishipi yao. Mama alikaa ukutani na sweta moja mapajani, maana joto lilikuwa limemshinda. Aliitazama bahari kwa muda mrefu.

"Inapumua," alisema mwishowe.

Karibu naye alikuwepo mwanamke wa umri wangu hivi, akikaanga mihogo kwenye jiko la makaa. Pembeni mwa jiko alikuwa na mshipi uliozungushiwa chupa ya plastiki. Wateja wakija, anauza mihogo, wakiondoka, anavua. Mimi niliunganisha fimbo yangu ya kuvulia trauti kwa madaha, kipande kwa kipande, kisha nikafunga mwishoni ndoano niliyoitengeneza kwa manyoya ya jogoo ifanane na nzi.

Yule mwanamke aliinama kuitazama. "Kaka, hiyo ni nini?"

"Ni nzi wa bandia. Kwetu samaki humrukia."

"Ya rabi! Kwenu samaki hula manyoya?" Akacheka hadi akaweka chini kijiko chake. "Haya, tupa tuone."

Nilitupa. Upepo ukauchukua mshipi wangu mwembamba ukanirudishia shingoni. Nilitupa tena, mara hii ndoano ikanasa kwenye jiwe, na nilipovuta, mshipi ukakatika. Nikafunga nzi wa pili, naye akaliwa na jiwe lilelile. Mtoni Chania mimi huhesabiwa kuwa fundi. Hapo ukutani nilikuwa kichekesho, na Mama ndiye aliyecheka kuwashinda wote.

"Wewe mama," alimwambia muuza mihogo, "hao samaki yenu hupenda nini?"

"Wengine ngisi, wengine kamba. Tafi yeye hapendi nyama. Anataka majani ya baharini, au donge la unga."

Mama akafungua mfuko wake, akatoa chapati. "Na hii?"

Yule mwanamke akaikata kipande, akakifinyanga kwa vidole hadi kikawa donge dogo gumu, akakivisha ndoano yake. Kisha badala ya kuitupa mwenyewe, akamkabidhi Mama ile chupa. "Shika, mama. Chapati yako, bahati yako. Ukihisi anadonoa, tulia. Akivuta, vuta na wewe."

Mama hakuwa ameshika mshipi wa kuvua maisha yake yote. Lakini ni mkulima. Mikono yake imezoea kamba ya mbuzi. Aliushika kwa vidole viwili, akanyamaza kama yuko kanisani. Nilikuwa nikifunga nzi wa tatu nilipomsikia akimwita Mungu, "Inakuja! Inakuja! Ngai!"

Alivuta kwa mikono yote miwili, akirudi nyumanyuma kwenye nyasi, na samaki mwenye madoadoa, mpana kama kiganja cha mtu mzima, akaruka juu ya ukuta akaanguka miguuni pake. Mama akapiga kelele, akaachia chupa. Nami, fundi wa trauti, nikarukia kumshika yule samaki kwa mkono mtupu.

"Usimshike!" alifoka muuza mihogo. "Tafi ana miiba!"

Alikuwa amechelewa. Miiba ya mgongoni iliingia kidole cha shahada, na maumivu yakapanda hadi kwenye kwapa. Nimewahi kuumwa na nyuki wengi kwa mkupuo mmoja, afadhali nyuki. Nilikaa chini nikitokwa na machozi mbele ya watoto wa shule waliokuja matembezi.

Yule mwanamke hakupoteza muda. Alikuwa na birika la maji ya chai kando ya makaa. Akamimina bakulini, akapoza kidogo, akayapima kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakizamisha kidole changu. "Yawe moto kiasi cha kuvumilika. Sumu yake haipendi moto." Mama alipiga magoti karibu nami akanishika bega, midomo yake ikiomba kwa Kikuyu. Alikuwa haangalii bahari tena. Alimwangalia yule tafi.

Baada ya nusu saa hivi maumivu yalianza kulegea. Mama akasimama, akajifuta magoti.

"Mpike," alimwambia yule mwanamke.

"Umpeleke nyumbani, mama?"

"Hapana. Hapa hapa. Hii samaki imeuma mtoto yangu. Na mimi nitaiuma."

Tafi aliparwa, akatiwa chumvi na ndimu, akakaangwa katika mafuta yaleyale ya mihogo. Mama alibandua kipande kidogo, akafumba macho, akakitia mdomoni. Tulimngoja. Alitafuna polepole sana, akameza, akanywa maji.

"Sasa?" nikauliza.

"Nyamaza, nakula." Akabandua kipande kingine, kikubwa zaidi. Mimi niliachiwa mkia.

Kesho yake aliniamsha jua halijachomoza vizuri. Tulirudi palepale, tukakaa hadi mchana, yeye na rafiki yake mpya wakipokezana chupa na kusimuliana habari za watoto na mashamba. Hatukupata hata samaki mmoja. Kabla ya kuondoka Mama alishuka kwenye mawe, akanishika mkono usio na jeraha, akaingiza miguu majini hadi kwenye vifundo, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja.

"Ni kweli kuna chumvi," alisema, na akabaki amesimama pale, sketi yake ikilowa, hadi nikamkumbusha kwamba gari letu linaondoka saa nane.