Kilikotoka Kifo cha Kahindi

Jumamosi hiyo nilikuwa nafundisha dini, na mume wangu alikuwa anaharibu somo. Kahindi alikuwa seremala. Alijitolea kulitengenezea kanisa letu mabenchi, akachagua kuifanya kazi hiyo mlangoni, saa ileile ya darasa langu la ubatizo, ili apate kunichokoza. Nilikuwa nimefika kwa malaika walioasi. Nikawaeleza watoto kwamba Mungu hakuumba uovu. Shetani aliumbwa mwema, kisha akajichagulia ubaya mwenyewe kwa kiburi.

"Mwalimu," Kahindi akasema, msumari uko mdomoni, "kama mbinguni kulikuwa kuzuri na yeye alikuwa mwema, hicho kiburi alikitoa wapi?"

Watoto wakacheka. Nikamwambia apige msumari wake anyamaze. Nilikasirika kidogo, kwa sababu jibu sikuwa nalo na yeye alijua.

Tulikuwa tumehama kwetu Tezo kwa kuwa shamba la ukoo liligawanywa hata kila mtu akabaki na kipande cha kupandia mihogo tu. Kule kaskazini tulikohamia, ng'ambo ya Mto Tana, karibu na msitu, ardhi ilikuwa kubwa na mahindi yalikubali. Tulijua msituni mna wapiganaji wenye vita vyao na serikali. Magari ya jeshi yalipita barabarani, milio ya bunduki tukaisikia kwa mbali, nasi tukaizoea. Jioni tuliifanyia mzaha.

Walikuja Jumatatu asubuhi, jua limeshatoka.

Nilikuwa nakoroga uji. Kahindi alikuwa uani akipiga randa.

Walikuwa vijana wachache. Wa mbele alikuwa na bunduki begani na kandambili miguuni.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

"Marahaba," nikaitika.

Kiswahili chake kilikuwa cha Malindi mjini kabisa, cha mtu aliyelelewa na mama anayejua kulea. Akaomba maji. Nikampa. Akanywa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akasema ahsante.

Kisha akamwita Kahindi atoke nje ya ua.

"Mama, wewe nenda. Usigeuke."

Nilikwenda. Risasi zilikuwa mbili.

Sikugeuka.

Wanawake wa kijiji tulitoroka kupitia kwenye mahindi mpaka barabarani, lori likatubeba. Lilipotushusha Gongoni, mama mmoja wa Kiislamu nisiyemjua alinivua leso yangu iliyojaa tope, akanifunga yake, akalia kuliko mimi. Mimi wakati huo sikuwa na machozi. Mpaka leo nikimkumbuka mama yule moyo wangu hulainika.

Tulimzika Kahindi Tezo. Kwetu matanga hayaishi kabla watu hawajakaa na kuulizana kifo kimetoka wapi. Nilidhani safari hii swali hilo halipo, maana risasi imetoka kwenye bunduki. Lakini shemeji yangu Katana, mdogo wake Kahindi, aliketi na panga magotini, akasema kila bunduki ina mwenye kuituma.

Watu wakamtazama shangazi Dama. Alikuwa dada wa baba yao, mjane asiye na mtoto, nywele nyeupe na macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Siku tuliyohama alimwambia Kahindi mbele ya watu kwamba huko aendako atarudi amebebwa. Alikuwa akimpenda kuliko wote, ndiyo maana alikasirika kuliko wote. Sasa maneno yale yamekuwa ushahidi wa uchawi. Huku kwetu wazee wameuawa kwa machache kuliko hayo.

"Shemeji," Katana akaniambia, "wewe ndiwe uliyefiwa. Sema neno moja tu, twamaliza."

Nilichohisi hapo nitakisema wazi. Nilihisi utamu. Yule kijana hakuna mtu angeweza kumfikia, lakini shangazi alikuwa hapo mkekani, miguu ameinyoosha, hana pa kukimbilia. Hasira yangu yote ilikuwa imepata mahali pa kwenda. Na hakuna aliyenitia wazo hilo, si mchawi, wala si yule Shetani niliyezoea kumchora ubaoni na pembe zake. Lilitoka kwangu mimi, mwalimu wa dini, ambaye asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimesali. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule shambani.

"Aliyemuua Kahindi nilimwona," nikasema. "Ni kijana wa watu. Aliniamkia nikamwitikia, nikampa maji akashukuru. Ana mama yake, na mama yake alimfunza adabu. Kisha akachagua. Na mimi sasa mwaniambia nichague. Sitaki. Mkimtaka shangazi, anzeni na mimi."

Katana akanitazama kama mtu aliyepokonywa kitu.

"Basi mimi nifanyeje, shemeji?" akasema. "Nilipize kwa nani?"

Nilinyoosha mkono, akaniachia panga, akalia kwa sauti mbele ya wanawake na watoto.

Siku hiyo nilimhamishia shangazi chumbani kwangu. Alikaa kitandani akivitazama viganja vyake.

"Labda ni mimi kweli, mwanangu," akasema. "Nilisema kwa kinywa changu hiki."

"Ulisema kwa uchungu, shangazi. Uchungu haupigi mtu risasi."

"Wewe huniogopi?"

"Siku hizi naogopa watu wote," nikamwambia. "Hata mimi mwenyewe. Lala."

Nusu ya ukoo haikukanyaga tena kwangu, na watoto wao walikatazwa kuchota maji kwenye bomba langu. Katana alikuja. Alikuja kila wiki, anapasua kuni, anaondoka. Darasani, sasa hapa Tezo, bado naulizwa kiburi cha Shetani kilitoka wapi. Nawaambia sijui, na nawaambia wajichunge, kwa sababu nimeuona ubaya ukianza ndani yangu na haukupiga hodi.

Shangazi Dama alikufa mwaka jana, kwa uzee tu, kitandani pake, tumemfunika blanketi. Niliushika mkono wake tangu ulipokuwa na joto mpaka ulipopoa. Kahindi aliletwa katika jeneza lililofungwa, tukaambiwa tusilifungue. Mkono wake yeye sikuushika.